Kabla Hujafungua Grupu la Timu ya Shule, Hesabu Kwanza Wenye Vitochi

Julai 2023 nilimwacha mtoto njiani. Nafundisha sekondari moja nje ya mji wa Mtwara, barabara ya kwenda Newala, ukishaipita Naliendele, na ndimi mwalimu wa michezo ninayesimamia netiboli ya wasichana. Siku hiyo tulikuwa na mechi ya kirafiki Masasi. Tulikubaliana gari liondoke saa 12 asubuhi. Usiku wa kuamkia safari, kama saa 3 hivi, dereva akanipigia kwamba gari lina kazi nyingine jioni, kwa hiyo ni lazima tutoke saa 11 alfajiri. Nikafungua grupu la WhatsApp la wazazi, nikaandika mistari miwili. "Sawa mwalimu." "Tumepata." Vidole gumba vikafuatana. Nikalala na amani yangu.

Alfajiri tukahesabu wachezaji, mmoja hayupo, na huyo mmoja ndiye mfungaji wetu, mtoto wa kidato cha pili. Tukamsubiri robo saa. Dereva akaanza kulalamika. Nikaamua tuondoke, nikijiambia labda anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Mtoto yule analelewa na bibi yake, na bibi ana kitochi, simu ya kupiga na kupokea. Aliamka saa 9 usiku, akakoga, akatembea kwa miguu kutoka kijijini kwao, akafika kituoni saa 12 kasoro dakika 10. Kwa saa aliyoambiwa, aliwahi. Jumatatu aliponiona hakununa wala hakulia. Alisema tu, "Nilifika saa yangu, mwalimu."

Kesho yake bibi akaja shuleni. Tulisalimiana vizuri, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, akaniuliza bila kupandisha sauti: "Mwanangu, hiyo meseji uliyotuma, ulimtumia nani?"

Sikuwa na jibu. Wasichana wangu wengi walikuwa shule ya msingi wakati mashindano ya taifa ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, yalipofanyika hapa kwetu Mtwara mwaka 2019, na tena 2021. Waliona wenzao kutoka mikoa yote wakicheza kwenye viwanja vya mji wao. Kwa mtoto wa namna hiyo, kukosa gari la kwenda Masasi ni jambo kubwa, na mimi nilimkosesha kwa sababu nilidhani kuandika kwenye grupu ndiyo kuwaambia watu.

Kama wewe ni mwalimu wa michezo na unataka kufungua grupu la timu, au unalo tayari, anza na daftari. Nilipokaa kuhesabu baada ya bibi kuondoka, grupu lilikuwa na watu 31. Nilikuwa nimeamini timu nzima imo. Kumbe katika wachezaji 14, walezi wa wachezaji 9 tu ndio walikuwamo. Waliobaki walikuwa walimu wenzangu, baba na mama wa mtoto mmoja kila mmoja na simu yake, na wazazi wa wasichana waliokwisha kumaliza shule ambao walibaki kwa kuipenda timu. Wachezaji wenyewe hawamo, na hawapaswi kuwamo, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni na sitaki timu iwe kisingizio cha kuwanunulia.

Sasa kila mchezaji ana ukurasa wake kwenye daftari langu, na ukurasa una namba 3: ya mlezi, ya jirani, na ya mtu ambaye hapo kijijini hakosekani, mara nyingi mwenye duka au mwenyekiti wa kitongoji. Hiyo namba ya tatu usiidharau. Kwenye msimu wa korosho, kuanzia mwishoni mwa Septemba mpaka Desemba, wazazi wengi wa huku wanashinda mashambani na wengine wanalala huko huko. Simu inabaki bila chaji au iko mahali mtandao haushiki. Mwenye duka yupo, na duka lake ndipo wengine wanapochajia.

Jambo la pili ambalo ningependa mtu angeniambia mapema ni namna ya kusoma tiki. Kwenye grupu, tiki zinageuka bluu pale tu kila mtu aliyemo atakapokuwa ameusoma ujumbe. Kwa grupu la watu 31 hilo halitokei usiku mmoja. Bonyeza ujumbe wako kwa muda, fungua taarifa zake, utaona majina kwa makundi mawili: waliousoma, na ambao umewafikia tu bila kusomwa. Asiyekuwemo kwenye orodha yoyote, simu yake imezimwa au hana bando. Hao ndio wa kuwapigia. Mimi naifungua orodha hiyo saa moja baada ya kutuma tangazo, kalamu mkononi, nikilinganisha na daftari. Vidole gumba sivitazami tena. Wanaojibu haraka ni wale wale kila siku, na kwa kawaida si wao wenye shida.

Halafu kuna saa. Sisi tunahesabu saa kwa jua na simu zetu zinahesabu kwa Kizungu, na hapo ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Ukiandika "tunaondoka saa 11:00", kuna mzazi atakayesoma kumi na moja alfajiri, mwingine kumi na moja jioni, na kijana wa nyumbani aliyezoea simu atamwambia mama yake ni saa tano asubuhi. Wote wamesoma sawasawa. Siku hizi naandika: "Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, mara baada ya adhana, kituoni chini ya mwembe." Naandika saa kwa maneno, naweka siku kwa jina, naweka na alama ambayo hata asiye na saa ukutani ataijua. Na kila tangazo nalitoa kwa ujumbe mmoja. Nikibadilisha kitu, naufuta ule wa zamani na kuandika mpya wenye neno MABADILIKO juu kabisa, maana mzazi anayefungua simu baada ya siku mbili atakutana na saa mbili tofauti na kuchagua mojawapo.

Kwa wenye vitochi tulitengeneza mnyororo wa simu. Mimi nawapigia wazazi 4. Kila mmoja ana nyumba 3 au 4 za kupasha habari, kwa kupiga, kwa meseji ya kawaida, au kwa kwenda kubisha hodi. Sharti ni moja: anayepokea habari airudie kwa mdomo wake kabla ya kukata simu. "Saa kumi na moja alfajiri, chini ya mwembe." Asiporudia, haijafika. Na wa mwisho kwenye kila tawi ananipigia mimi, hata kwa kubip, nijue mnyororo umefunga.

Wenzangu wengine shuleni waliona nahangaika bure, dunia imeshahamia kwenye simu janja. Ikaja Mei 2024. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kikafika pwani upande wa Mafia, mvua zikapiga mikoa yetu, barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika kule Kilwa. Tulikuwa katikati ya maandalizi ya UMISSETA, viwanja vimejaa maji na ratiba inapanguliwa kila siku. Jumapili ya tarehe 12, nyaya za intaneti za baharini zikapata hitilafu, na nchi nzima mtandao ukawa wa kusuasua. WhatsApp haifunguki. Jumatatu tulikuwa na mazoezi yaliyohamishiwa uwanja mwingine. Nikapiga simu 4 za kawaida saa 12 jioni, na kabla ya saa 2 usiku nilikuwa nimepigiwa na matawi yote manne. Wachezaji walikuja wote.

Mpaka hapa nimesema habari ya kufikisha ujumbe, kwa sababu ndiyo iliyoniuma zaidi. Lakini grupu lina mambo mengine yanayoweza kumuumiza mtoto hata kama kila mtu amelisoma.

Tulifungwa vibaya siku moja, vibaya kweli. Usiku mzazi mmoja akaandika kwenye grupu kwamba mlinda goli wetu ndiye aliyetufungisha, akamtaja kwa jina, akaeleza kwa urefu. Wengine wakaunga mkono. Mimi nilikuwa nimelala. Mtoto akasoma yote kwenye simu ya mama yake, ujumbe mmoja baada ya mwingine, watu wazima wanaomfahamu tangu mdogo wakimjadili. Wiki mbili hakuja mazoezini. Nilikwenda kwao kumwomba radhi, kwa sababu grupu nililifungua mimi, na kilichosemwa ndani yake ni dhamana yangu.

Tangu hapo grupu liko kwenye mpangilio wa admini peke yao ndio wanaoandika. Tuko admini watatu: mimi, mwalimu wa malezi, na mzazi mmoja waliyemchagua wenyewe. Nalifungua kwa wote Jumapili mchana, watu wapongezane, waulize maswali, watumiane salamu, na jioni nalifunga. Mwenye lawama ananipigia mimi au anakuja shuleni. Jina la mtoto linatajwa kwenye grupu kwa heri tu. Baadhi ya wazazi walilalamika mwanzoni kwamba nawaziba midomo. Nilikaa nao, nikawasimulia kuhusu zile wiki mbili, na yule aliyeandika usiku ule ndiye aliyesimama kunitetea.

Michango nayo. Tumezoea kwenye magrupu yetu ya harusi na misiba kubandika orodha: namba, jina, kiasi, alama ya vema kwa aliyetoa. Kwenye timu ya watoto usifanye hivyo. Jina ambalo halina alama ni la mama ambaye ufuta wake haujauzwa, na binti yake atasutwa kwa macho ya wenzake kesho mazoezini. Mimi natangaza jumla tu: nauli inahitaji kiasi hiki, tumepata kiasi hiki, bado kiasi hiki. Orodha ya majina anayo mweka hazina kwenye daftari, na kila aliyetoa anapata meseji yake ya kukiri mapokezi. Makusanyo hayakupungua kwa kuacha kuaibishana.

Picha nazizungumzia kwa uzito. Kuna wakati niliweka kwenye ukurasa wa wazi picha ya wasichana wakiwa uwanjani na sketi zao za netiboli, nikiwa na furaha ya ushindi tu. Baada ya siku chache mtu nisiyemjua alikuwa ameichukua na kuisambaza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Niliifuta kwangu, kwake sikuweza. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, ndivyo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyosema, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo sasa nina karatasi ambayo mlezi anaisaini mwanzo wa mwaka, akisema anakubali au hakubali picha ya mtoto wake kutumika, na wapi. Asiyejua kusoma namsomea. Aliyekataa, mtoto wake hapigwi picha, na siulizi sababu. Kwa waliokubali, picha ya kutoka nje ya grupu ni ya timu imesimama na suti za michezo, bila majina kamili, bila jina la kijiji. Na tukiwa safarini siweki kitu chochote mpaka tumerudi nyumbani: sitangazi tumelala bweni gani wala tutapita barabara ipi.

La mwisho ninalolisimamia bila kujadiliana ni hili: kocha na mchezaji hawatumiani ujumbe wawili peke yao. Nalisema kwa makocha wa kiume na wa kike, nalisema kwa wasaidizi wanaotoka mtaani kuja kutusaidia mazoezi. Mtoto ana swali? Amwambie mlezi apige, au asubiri uwanjani. Kocha ana la kumwambia mtoto? Ampigie mlezi. Nikimkuta msaidizi ana namba ya msichana kwenye simu yake na anamwandikia usiku, hata kama anaandika habari za mpira, siku hiyo hiyo namaliza naye kazi na mkuu wa shule anajua. Wazazi wametukabidhi mabinti zao wasafiri nasi na kulala nasi ugenini, na imani hiyo ikivunjika hakuna grupu litakaloirudisha.

Yule mfungaji aliendelea kucheza mpaka kidato cha nne. Bibi yake nilimweka kwenye mnyororo, kwenye wale wanne ninaowapigia mwenyewe. Anaamka kwa ajili ya swala kabla ya kijiji kizima, kitochi chake kinakaa na chaji siku 4, na nyumba za wachezaji wengine watatu ziko njiani anapokwenda kisimani. Mjukuu wake ameshamaliza shule, lakini bibi hakuniambia nimtoe, nami sikumtoa.

Usiku wa kuamkia safari nampigia yeye wa kwanza. Anasikiliza, ananirudishia siku, saa, mwembe. Kisha, kabla sijakata, ananiuliza: "Hawa watatu wa huku niachie mimi. Wewe kwako umebakiza nani?"