Diski ya meno kwenye grenda

Umeuliza kama diski ya meno ya kukatia mbao inaweza kufungwa kwenye grenda, ile mashine ya mkononi ya kukata chuma na kusugua. Hapana mkuu, usiifunge, hata kama tundu lake la katikati limeingia sawasawa. Grenda ndogo ya inchi 4 na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati msumeno wa umeme wa mkononi uko kwenye 5,000 hivi. Angalia namba ya mizunguko ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa chini ya ile ya mashine, achana nayo. Na hata namba ikitosha, jino likinasa kwenye fundo la mbao grenda inaruka kumrudia aliyeishika, maana haina lile bamba la chini la msumeno la kulala juu ya ubao. Kutoa kava ya kukinga diski ili diski kubwa ienee, hiyo ndiyo mbaya kabisa, na ndiyo naiona kila siku.

Huku Igombe tunaunda mitumbwi, grenda kazi yake ni kukata misumari na kusugua. Diski ya msasa kwenye mbao haina shida, ila glovu za kitambaa zilizolegea vua kwanza.