Vipimo vitatu, majibu matatu: usiitupe sampuli yako

Mdogo wangu wa Masasi, umesema chembe nano (chembe ndogo mno) za madini ya fedha ulizotengeneza kwa maji ya majani ya mkorosho zimekupa ukubwa wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 14 kwa eksirei, 20 kwa darubini ya elektroni na 95 kwa mtawanyiko wa nuru. Unauliza kipi kinadanganya. Hakuna. Kila kimoja kinapima kitu chake.

Eksirei hupima fuwele, na chembe moja yaweza kubeba fuwele kadhaa. Darubini huonyesha hasa kiini cha fedha. Hesabu chembe mia kadhaa, si zile kumi zilizotokea vizuri pichani. Mtawanyiko wa nuru hupima chembe pamoja na utando wa majani na maji yanayoandamana nayo, tena huzipendelea mno zilizo kubwa: chembe ya nanomita 100 hutawanya nuru takriban mara 1,000,000 kuliko ya 10. Mabonge machache yanatosha kupandisha wastani wako. Yatenganishe kwa mashinepewa, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi, upime upya.

Kinachonitia wasiwasi ni kile kilele cha pembe ya nyuzi 32 kwenye mchoro wako wa eksirei. Kwa eksirei zitolewazo na shaba, fedha huonekana karibu na 38. Hicho chako kinafanana na kloridi ya fedha. Na umesema maji uliyachota kisimani Mikindani! Visima vingi vya pwani vina chumvi, na kloridi ya chumvi hushikana na fedha. Rudia kwa maji yaliyokenekwa, na vyombo uvisuuze kwa hayo hayo, kabla hujazichanganya chembe na wanga wa muhogo.