Kamera Mpya na Chenga za Ukumbini

SWALI: Ninapiga picha za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam kwa kutumia Canon EOS 5D Mark II pamoja na lenzi ya kuvuta yenye f/4 (namba ya uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, mwanga huingia zaidi). Taa za ukumbi zikipunguzwa maharusi wanapoingia, nalazimika kupandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuongeza ung'avu wa picha, hadi 6400, na picha hujaa chenga, yale madoadoa kama mchanga. Muuzaji wa kamera zilizotumika, Kariakoo, ameniambia kuwa EOS 6D inafika ISO 25600, kwa hiyo ni bora mara nne. Je, ni kweli? Msomaji, Tabata.

JIBU: Ndugu msomaji, tarakimu ulizotajiwa ni sahihi, ila hazithibitishi alichokuambia muuzaji. Mark II ilitoka mwaka 2008 na kikomo chake cha kawaida ni 6400. 6D ilitangazwa mwaka 2012 na kikomo chake ni 25600. Kikomo hicho huamuliwa na kiwanda kwa kukadiria chenga ambazo mteja atazivumilia, wala hakipimi mwanga ulionaswa na sensa, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kamera yako yenyewe, ukiifungulia ISO za nyongeza, inafika 25600, na bila shaka umeona picha zake zinavyokuwa.

Chenga nyingi unazoziona zinatokana na uchache wa mwanga wenyewe. Mwanga huingia kwa chembe zinazoitwa fotoni, na idadi yake hubadilikabadilika kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha idadi hiyo: pikseli (nukta moja ya picha) iliyopokea fotoni 10,000 hutofautiana na jirani yake kwa takriban 100, yaani asilimia 1, lakini iliyopokea 100 hutofautiana kwa 10, yaani asilimia 10. Sensa za kamera hizi mbili zina ukubwa ule ule wa takriban milimita 36 kwa 24, na kwa lenzi moja na kasi moja ya shata (kipazia kinachofunguka kuruhusu mwanga) zitaangukiwa na mwanga ule ule. Hakuna kizazi cha kamera kinachoweza kunasa fotoni ambazo hazikuingia.

Kizazi kipya kimesaidia zaidi kupunguza chenga zinazoongezwa na saketi za kamera wakati wa kuisoma sensa, na faida hiyo huonekana kwenye giza: suti nyeusi ya bwana harusi, au wageni wa meza za nyuma. Mark II inajulikana kwa mistari inayojitokeza sehemu hizo picha inapoangazwa kwenye kompyuta, na hapo 6D ni bora waziwazi. Kwenye nyuso zilizopata mwanga wa kutosha tofauti ni ndogo.

Usikubali kuonyeshwa picha za JPEG, yaani zilizokwisha kuandaliwa na kamera, kwenye kioo cha kamera. Kamera mpya huzilainisha yenyewe, chenga zikapungua pamoja na nyuzi za lesi na michoro ya hina mikononi mwa bibi harusi, na kwangu mimi hasara hiyo ni kubwa kuliko chenga. Nenda dukani na kamera yako, lenzi moja inayoingia kwenye zote mbili, na kadi ya SD, kwa kuwa 6D haipokei kadi ya CompactFlash unayotumia sasa. Piga kitu kimoja kwenye kona yenye giza, faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaiandaa), kwa kasi moja ya shata, f moja na ISO moja, kisha ukiwa nyumbani zima upunguzaji wa chenga katika programu na uzitazame picha zote kwa ukubwa mmoja. Sharti hili la mwisho lina uzito hasa ukilinganisha na 5D Mark IV ya mwaka 2016 yenye megapikseli 30.4, kwani ukiikuza pikseli kwa pikseli utaionea.

Kabla ya kubadili kamera, fikiria lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Inaingiza mwanga karibu mara tano ya f/4, kwa hiyo pale ulipotumia ISO 6400 utatumia takriban 1250, na hakuna tofauti ya vizazi kati ya kamera hizo mbili inayofikia hapo. Itakufaa maharusi wanapoingia na wanapocheza. Kwa picha ya jukwaani pamoja na wazazi na wasimamizi haitatosha, kwa sababu kwenye f/1.8 safu moja tu ndiyo itakayokuwa kali; hapo rudi kwenye f/5.6 na uwashe fleshi.