MRI ya mtoto ikisoma kawaida: jibu kwa dada wa Kasulu

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Kijana wako wa miaka 13 alianguka darasani, akapigwa MRI ya kichwa, yaani picha ya ndani ya mwili inayochukuliwa kwa mashine ya sumaku, ripoti ikasema ubongo ni wa kawaida kwa umri wake. Sasa shemeji yako anasema ubongo hukomaa mtu akifika miaka 25, kwa hiyo usihangaike naye. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora, na binti yangu ana kifafa. Kipimo hicho tulikifuata Mwanza.

Daktari aliyesoma picha hakumlinganisha mwanao na mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 ubongo wake umeshafikia takribani asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, ila ndani kazi bado mbichi. Sehemu ya kijivu, zilipo seli zenyewe, hujaa utotoni kisha hupungua taratibu. Ile nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha seli na mafuta yanayozizunguka, huendelea kuongezeka. Utafiti wa mwaka 2022 uliojumlisha picha zaidi ya 120,000, tangu mtoto akiwa tumboni hadi mzee wa miaka 100, ulionyesha kijivu kinafika kilele karibu na miaka 6, nyeupe karibu na 29. Kwa hiyo, ile 25 ya shemeji si mstari ambao mtu anauvuka siku ya kuzaliwa.

Ila ana chembe ya ukweli. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto 13 waliopigwa picha kila baada ya miaka miwili hivi. Maeneo ya mwendo na hisia yalitangulia kukomaa. Sehemu ya mbele, ya kupanga na kujizuia, ilichelewa. Mimi nasoma hapo sababu ya kumshika mkono kijana sasa. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili nawaona wanavyobadilika wakipata mtu wa kuwaelekeza.

Halafu, tafadhali, asitokee mtu wa kukwambia picha imeonyesha akili au utukutu wa mwanao. Picha haisomi hayo. Vipimo vya ukuaji ni wastani wa watoto wengi, na picha nyingi zilizokusanywa ni za Ulaya na Amerika Kaskazini. Watoto wa Buha na Unyamwezi humo ni wachache mno, jambo linaloniuma.

Kubwa kwako ni hili: MRI safi haimaanishi kwamba mtoto hana kifafa. Ya binti yangu ilikuwa safi kabisa na bado anameza dawa, na anaendelea vizuri. Muulize daktari kuhusu EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Ikibidi MRI irudiwe, usiogope mionzi. Haina, tofauti na CT scan, ile picha inayopigwa kwa eksirei. Mashine inagonga kwa kelele nyingi na mtoto anatakiwa atulie tuli, basi mwandae mapema. Pini, hereni, sarafu na simu vibaki nje, na kama ana chuma chochote mwilini sema kabla hajaingia.

Ukirudi kliniki beba ripoti pamoja na daftari la matukio: saa aliyoanguka, alikuwa amelala vipi, alikula nini, mwili ulikakamaa au ulilegea, alizinduka baada ya muda gani. Mwombe mwalimu wake wa darasa aandike alichokiona yeye mwenyewe. Likitokea tena, mtu mmoja amlaze ubavu na mwingine arekodi kwa simu. Daktari wetu video ndiyo ilimsaidia kuliko maelezo yangu yote.