Chumba cha bure huulizwa mara mbili

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza pamoja, mimi na papa yako, tulipomaliza kula bukari. Umesema safari za kazi zimekujazia pointi za hoteli, zile ambazo kampuni humpa mgeni anayelala kwao ili baadaye alipie chumba, kwamba mwezi wa nane unataka kutupeleka baharini sisi wawili pamoja na wajukuu, na kwa kuwa nilizeekea nyuma ya meza ya mapokezi unataka nikuambie hoteli iliyo ufukweni hasa, inayokubali pointi, inatafutwaje. Papa yako alijibu kabla sijafungua mdomo: "Mwambie popote penye maji." Ndiyo maana naandika mwenyewe.

Kutafuta si kazi ngumu. Fungua programu ya kampuni iliyokupa pointi, weka alama ya kulipa kwa pointi, na usiandike tarehe moja. Fungua kalenda ya mwezi mzima, maana chumba kilekile kinaweza kudai pointi chache Jumanne kuliko Ijumaa. Halafu toka humo, nenda kwenye ramani inayoonyesha mapaa kutoka angani, uitazame hoteli yenyewe. Kuna barabara kati yake na mchanga? Kuna hoteli nyingine imekaa mbele yake? Picha za hoteli hupigwa na mtu aliyelipwa. Nimemwona mpiga picha akilala kifudifudi kwenye saruji asubuhi nzima ili bwawa letu dogo lionekane halina mwisho.

Zanzibar ndiyo uliyoitaja, basi tuianze. Hyatt wana Park Hyatt pale Shangani, Mji Mkongwe, iliyounganishwa na jumba la kale la Mambo Msiige. Iko kando ya bahari kweli, hakuna wa kubisha. Lakini ufukwe ulio mbele yake ni wa mji: mashua zinapita, vijana wanacheza mpira jioni, bustani ya Forodhani iko hatua chache tu. Kwa mtu anayetaka kukaa barazani na kutazama jua likizama, ni pazuri sana. Kwa wajukuu wangu wanaotaka kuchimba mchanga kutwa, sipaoni. Hilton nao wametumia jina la DoubleTree sehemu mbili kisiwani humo, moja ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe na nyingine Nungwi, kaskazini, kwenye mchanga. Mtu mwenye haraka anabonyeza ya kwanza, kisha anatumia saa nzima na zaidi kwenye gari kila anapotaka kuoga bahari. Na Dar es Salaam, ile Hyatt Regency iitwayo Kilimanjaro inatazama bandari. Utaona meli, hutaoga.

Tena uangalie maji yenyewe, si hoteli tu. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, maji yakitoka yanakwenda mbali mpaka unawaona akina mama wakitembea kwenye mashamba yao ya mwani pale ambapo asubuhi palikuwa bahari. Nungwi na Kendwa hayaendi mbali hivyo. Na mwezi wa nane ni wakati wa kusi, upepo unaoupiga upande huo wa mashariki. Mtoto wa miaka minne humwambii kwamba bahari itarudi saa kumi.

Papa yako naye ana yake. Anasema Marriott wana hoteli ya Protea kule Entebbe, Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria, kwa nini tuhangaike na bahari? Nimemjibu kwamba ziwa lile lina kichocho na mimi wajukuu wangu sitawatia humo. Akasema basi twende hapa hapa kwetu, hoteli ya Pullman Karavia, Pullman ni ya kampuni ya Accor, pointi 2,000 zinakupunguzia euro 40 kwenye bili, na ziwa liko mbele ya dirisha. Hesabu yake ni sahihi. Ila mtoto atoke kwake, apande ndege, aje kutulaza Lubumbashi tunapolala kila siku?

Sasa nikuambie ambalo hukuniuliza. Hoteli utaipata. Swali ni watakupa chumba gani. Pointi zako zinalipia chumba cha kawaida, na chumba cha kawaida mara nyingi ndicho kinachotazama bustani au maegesho ya magari. Kinachotazama bahari kinahesabiwa mbali, kwa pointi nyingi zaidi au kwa pesa juu yake. Na hata ndani ya vyumba vya kawaida kuna vizuri na vibaya, na anayegawa ni mtu aliyekaa na orodha yake asubuhi. Nimekuwa mtu huyo, najua. Chumba cha bure huulizwa mara mbili: unapokikata, na tena siku chache kabla ya kufika.

Unaijua safari ya Kalemie, ingawa ulikuwa mgongoni kwangu na huikumbuki. Papa yako alikuwa amepewa barua na kampuni yake kwa utumishi mzuri: juma moja, yeye na familia, kwenye nyumba ya wageni ya kampuni kando ya Tanganyika. Barua ilikuwa na mhuri na sahihi mbili. Tulipanda treni, tukapita Kamina, tukapita Kabalo, Yaya wako, yule mkubwa wako, akiuliza ziwa kila tulipovuka kijito. Tumefika tumechafuka moshi na vumbi. Nyuma ya msimamizi palikuwa na ubao wa funguo, mistari miwili ya misumari: juu vyumba vya mbele, chini vya nyuma. Akaisoma barua, akamtazama papa yako viatu, akauliza, "Ninyi ni wa barua au wa kulipa?" Nilikuwa nimesimama pale na wewe mgongoni. Funguo za mstari wa juu zilikuwa zinaning'inia, karibu zote. Mkono wake ukashuka chini.

Chumba kilikuwa kimeegemea jenereta. Dirisha lilifunguka kwenye ukuta ambapo walianika magodoro. Mimi wakati ule tayari nilikuwa nimeanza kazi ya mapokezi, nilijua kabisa ni sentensi gani ya kumwambia yule mtu, na papa yako akanishika mkono akasema tuache. Aliikunja ile barua, akaikunja tena, akaitia mfuko wa shati. Mpaka leo nikiupita ubao wa funguo mahali popote natazama kwanza mstari wa juu.

Papa yako anasema lile lilikuwa juma zuri kuliko yote ya maisha yetu. Na ana ushahidi. Kwa kuwa chumba hakikukalika, tuliishi mchangani. Alfajiri Yaya wako alikatisha baraza la vyumba vya mbele kwa miguu mitupu, akawapita wakubwa wa kampuni wakinywa chai, akaingia ziwani na nguo zake zote. Msimamizi akaja kulalamika. Papa yako akamwambia, "Ziwa halina ufunguo." Akarudi zake. Wavuvi walituuzia mikebuka mibichi, tukaichoma palepale, na wewe ukakata jino la kwanza kwenye mfupa wa samaki. Yote hayo ni kweli, nami nilicheka juma lile kuliko nilivyopata kucheka tangu harusi.

Lakini ni kweli pia kwamba tulikuwa na haki ya mstari wa juu. Haki ile haikuombwa. Nimelumbana na papa yako juu ya hili miaka yote. Yeye anasema tungepewa chumba cha mbele tungekaa barazani kwa adabu na watoto wasingeogelea vile. Huenda. Kuna siku namkubalia. Kisha nakumbuka yale macho kwenye viatu vyake, na sikubali tena. Furaha tuliyojitafutia wenyewe haimfutii msimamizi alichofanya.

Kwa hiyo mwanangu, piga simu. Si kituo cha kampuni kule mbali. Piga hotelini kwenyewe, mezani. Sema unakuja na wazazi wazee na watoto, taja namba yako ya uanachama, uliza jengo gani liko karibu na maji na ngazi ni ngapi. Kumbuka chumba cha pointi kinahesabiwa watu wawili mara nyingi, nasi tuko kundi, basi uliza vyumba viwili vinavyopakana, na bei ya kitanda cha mtoto. Uliza chakula, maana pointi zinalipa usiku, hazilipi samaki. Hilton na Hyatt hawatozi ile ada ya mapumziko, inayoongezwa juu ya bei ya chumba, kwa usiku wa pointi. Kwingine wanaitoza, uiulize kabla. Chumba cha bure huulizwa mara mbili, nimekwisha kusema, nasema tena.

Kuhusu kuzitoa zote au kuziweka, hapo sina utulivu. Moyo wangu unasema zitoe. Sisi ni watu tulioishi mwaka 1993, pesa yetu ikiitwa zaïre, zaïre mpya moja ilipochukua nafasi ya zaïre za zamani milioni 3, na 1998 ikaja faranga na hata zile mpya zikafutika. Pointi ni pesa ambayo bei yake anaipanga mwingine. Marriott walikuwa na jedwali la wazi la bei, wakaliondoa mwaka 2022, sasa bei inapanda na kushuka watakavyo. Tena zina umri: kwa Marriott, Hilton na Hyatt zinakufa ukikaa miezi 24 bila kulala kwao wala kuzigusa, kwa Accor ni miezi 12. Halafu najibishana mwenyewe. Marriott wakikupa usiku wa tano bure ukikata minne kwa pointi, na Hilton wakifanya hivyohivyo kwa mwanachama mwenye daraja kuanzia Silver, basi kuzitoa kidogo kidogo, usiku mmoja hapa na miwili pale, ni kuzimwaga. Mtu mwenye za kutosha siku tatu tu, je, asubiri? Angekuwa mwingine ningesema asubiri. Wewe baba yako ana miaka aliyonayo na goti lile unalolijua. Usisubiri.

Ufukwe gani, hilo sitalichagua. Ni jasho lako, wewe ndiye uliyelala kwenye vitanda vya ugenini kuzipata. Ungeniuliza mara ya pili ningekuambia Nungwi, kwa sababu ya maji na kwa sababu ya watoto, lakini hujaniuliza mara ya pili, na papa yako yuko hapa pembeni anasema Shangani pana ufukwe mfupi wa kutembea na muziki jioni, naye si mjinga. Chagueni na mke wako.

Chumba cha kwetu kiwe cha chini, kisicho na ngazi. Ukishapiga simu niandikie jina la aliyepokea na saa anazokaa mezani. Juma moja kabla hatujaondoka nitampigia mimi mwenyewe.

Mama yako