Ukitaka Kuongoza Watalii Ruaha, Anza na Miguu ya Wanyama

Kijana mmoja wa Mafinga ameniandikia: "Kaka, nimemaliza kozi ya kuongoza watalii, majina ya wanyama ninayo kichwani mpaka ya Kilatini, lakini kila usaili naachwa. Nifanyeje?" Mdogo wangu, nakujibu hapa kwa kuwa najua wenzako wenye kiu hiyohiyo ni wengi.

Mimi niliingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kama dereva. Kambi niliyoanzia ilikuwa na sheria yake: dereva hafungui mdomo mbele ya wageni. Basi nikashika usukani na kutazama. Siku moja mgeni, mhandisi wa madaraja, akauliza kwa nini tembo husimama miguu ikiwa imenyooka, ilhali swala pala ameikunja. Mwongozaji akajibu ndivyo walivyoumbwa. Nikageuka, nikamweleza.

Nilimpa hesabu ambayo Galileo aliichapisha mwaka 1638. Mnyama akikua mara 2 kila upande, uzito wake hupanda mara 8, lakini eneo la mfupa linalobeba uzito huo hupanda mara 4 tu. Kwa hiyo tembo hawezi kuwa swala aliyekuzwa. Lazima mifupa yake inenepe zaidi, na miguu isimame wima kama nguzo ili mzigo uteremke mfupani badala ya kuchosha misuli. Swala ni mwepesi, anamudu kukaa amekunja maungio, tayari kujifyatua. Misuli yake minene iko juu, mapajani na mabegani. Chini kumebaki mfupa mwembamba, kano na kwato, kwa sababu mguu mwepesi nchani haugharimu nguvu nyingi kuurusha mbele. Pundamilia ndiye aliyefika mbali kabisa: kila mguu anakanyaga kwa kidole kimoja.

Mhandisi alifurahi sana. Jioni meneja akaniambia, mbele ya wapishi, kwamba nalipwa kukanyaga mafuta, si kufundisha. Maneno yale yananiuma hadi leo na sitajifanya nimeyasahau. Niliondoka, nikasoma, nikapata leseni. Sasa wageni wananiulizia kwa jina, na hivi karibuni familia moja imeongeza siku Ruaha ili tu itembee nami porini.

Kwa hiyo acha kukariri, tazama. Kila mnyama, jiulize uzito wake unapita wapi. Kusema twiga ana pingili 7 za shingo kama wewe hakutoshi. Eleza kwamba shingo hiyo, pamoja na urefu wake wote, haifiki majini mpaka atanue au akunje miguu ya mbele. Na mwendo uujue. Mwaka 2003 watafiti walichapisha vipimo vya tembo wa Thailand waliofika kilomita 25 kwa saa, na hata kwa kasi hiyo miguu yote 4 haikuwa hewani kwa pamoja. Mwaka 2024 watafiti wakachambua video za viboko, wakakuta kwamba kiboko akikimbia kwa kasi huiacha ardhi kabisa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mnyama mzito vile!

Kiangazi kikikolea, viboko hubanana kwenye madimbwi ya Mto Ruaha Mkuu. Omba kuongozana na askari mwenye bunduki, kaeni mbali na njia zao, umtazame anayewahi majini na uhesabu miguu inayogusa mchanga. Usaili ujao wakikuuliza kuhusu kiboko, anzia hapo.