Meno ya utoto na vumbi la mabomu

SWALI: Nimesoma kwamba majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa angani zamani yaliwafikia hata watu waliokuwa mbali sana nayo. Wataalamu walijuaje kwamba vumbi lile limeingia mifupani mwa watoto, ilhali mtoto mzima hawezi kukatwa mfupa ili apimwe? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, walipima meno. Mwezi Desemba 1958, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, wanasayansi pamoja na wakazi wa hapo walianza kuwaomba wazazi wasiyatupe meno ya utoto yanapong'oka, na kazi hiyo, iliyoongozwa mwanzoni na daktari Louise Reiss, ilikuja kukusanya meno yapatayo 320,000. Kila mtoto aliyetoa jino alipewa beji.

Kilichotafutwa ni strontiamu-90, elementi yenye mionzi ambayo huzaliwa bomu linapolipuka, hupaa juu sana, kisha hurudi ardhini pamoja na mvua na kutua kwenye majani. Ng'ombe huyala, na mtoto hunywa maziwa. Kwa kuwa kikemia inafanana mno na kalsiamu, mwili huipokea kama kalsiamu na kuijengea mifupa na meno. Huko hukaa karibu na uboho unaotengeneza damu, ikitoa mionzi inayoweza kuleta saratani, na huchukua miaka 29 hivi kupungua kwa nusu tu.

Jino la utoto lina sifa moja ya ajabu: huanza kujengeka mimba ingali tumboni, na sehemu yake ya juu hukamilika mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, kwa hiyo linapong'oka miaka sita baadaye bado limetunza alama ya chakula cha mama na maziwa ya siku zile za kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1961 yalionyesha strontiamu ikiongezeka kadiri watoto walivyozaliwa karibu zaidi na miaka ya majaribio mengi. Naomba tuelewane hapa: jino lilithibitisha kwamba sumu imeingia, wala halikusema ni nani atakayeugua.

Agosti 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovyeti zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kuacha majaribio ya angani, na kiasi cha strontiamu menoni kikaanza kushuka.

Mwaka 2001 meno yapatayo 85,000 yaliyosahaulika ghalani yaligunduliwa, kila moja na kadi ya mwenyewe, na hivyo watafiti wakapata njia ya kuwafuatilia watoto wale, ambao sasa ni wazee, na kulinganisha afya zao na meno waliyoyatoa.